Nyumba ya Bosi

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Mzee Juu, na si kwa sababu ya urefu, maana kubadilisha balbu tu lazima apande stuli. Ni seremala. Jina alipewa na wateja wake kwa ubishi wake wa mambo ya mchwa. Ukimwendea akutengenezee kabati, atakuuliza kwanza litakaa chumba gani, kisha atakuarifu kwamba litakuwa na miguu. Ukisema hutaki miguu, unataka likae chini kama la jirani, atakutazama kana kwamba umemtukania mama yake, halafu atakuelekeza kwa fundi mwingine kwa adabu zote. Kwake yeye mbao haikanyagi udongo, basi. Banda langu la kuku liko juu ya nguzo. Benchi la kuwekea ndoo lina viatu vya saruji. Na kwa kweli tangu anioe sijaona kitu cha mkono wake kilicholiwa na mchwa, jambo ambalo hakosi kulitaja hata akiwa msibani.

Ua wetu nao unampa kiburi. Uko bondeni, nyuma ya karakana yake, na mvua ikinyesha maji ya mtaa mzima hupitia kwetu kwanza, yakakaa siku mbili tatu kama wageni wasio na haya, ndipo yaondoke. Kitu kisichoinuliwa uani kwetu huoza. Kwa hiyo alipoijenga nyumba ya mjukuu wetu juu ya nguzo sikushangaa. Fundi yeyote aliyeuona ua ule angefanya vivyo hivyo. Lakini fundi yeyote hakuwa babu yake yule mtoto, na hapo ndipo ninapomlaumu, ingawa siwezi kumlaumu kama anavyojilaumu mwenyewe.

Mtoto ni wa binti yetu wa mwisho, aliyerudi nyumbani akiwa amembeba mgongoni baada ya ndoa kumshinda. Sisi tunamwita Bosi. Jina alilitoa babu yake, siku alipomkuta mlangoni mwa karakana, hajafikia hata kimo cha meza, mikono kiunoni, akimuuliza mteja mzima na ndevu zake: "Wewe unataka nini hapa?" Tangu siku hiyo akawa bosi kweli. Kiti hakikutoka karakana mpaka Bosi akikalie na kukitikisa. Akisema kinacheza, babu yake alitafuta wapi kinacheza, na mara nyingi alipaona. Nilikuwa nikipita na beseni langu la nguo nawasikia wakigombana juu ya droo isiyofunga vizuri, mzee wa mvi na mtoto asiye na meno ya mbele, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Siku moja Bosi akamkazia macho. "Babu, watu wote unawajengea. Mimi unanijengea lini?"

"Unataka nijenge nini?"

"Nyumba. Yangu. Na mlango wake, na wewe ukitaka kuingia ubishe hodi."

"Mwaka huu huu," akasema babu yake.

Sasa, fundi akikwambia mwaka huu, wewe mwenyewe unajua. Mwaka ule ukapita. Mara mbao hazijakauka, mara kuna kazi ya watu ya haraka, mara mvua. Mimi nimeahidiwa kitanda kipya tangu enzi za usichana wangu, kwa hiyo nilimwambia mtoto azoee. Bosi hakuzoea. Kila Jumamosi alikwenda kumkumbusha, na kila Jumamosi akaondoka na ahadi mpya.

Kisha ikatokea ajali. Babu yake alikuwa anamalizia meza, msasa ukamwishia, akamtuma Bosi dukani ng'ambo ya barabara, kama alivyomtuma siku zote. Pikipiki ilikuja kwa kasi kwenye kona. Mimi nilisikia breki na kelele za watu, na nilipotoka nikamkuta mume wangu barabarani amepiga magoti, mikono yake imejaa unga wa mbao, anaogopa kumgusa.

Hakuna aliyemlaumu. Binti yetu hakusema neno, majirani hawakusema, polisi waliandika mambo ya pikipiki wakaenda zao. Nadhani hilo ndilo lililomkaa vibaya. Mtu akigombezwa hulia, hujitetea, hata hukasirika. Yeye alipewa pole. Kila aliyekuja alimshika mkono akampa pole, naye akapokea zote huku ameinamisha kichwa, na lile neno la nani alimtuma mtoto halikutoka kinywani mwa yeyote, hata mwake.

Bosi na mama yake walikaa hospitali ya mbali kwa miezi mingi. Upasuaji huu, upasuaji ule. Tulikuwa tunaongea nao kwa simu jioni, tumeiweka mezani kwa sauti ya juu ili wote tusikie. Na siku moja binti yetu akasema, taratibu, kama mtu aliyejizoeza kulisema: "Baba, daktari amenieleza leo. Goti la kulia halitakunjika tena. Litabaki limenyooka hivyo hivyo. Na mguu wa pili bado hauna nguvu. Tutarudi na kiti cha magurudumu."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Mifupa ya mtoto inaunga," akasema. "Inaunga upesi kuliko gundi. Mwambie Bosi babu yake ameanza kujenga."

"Baba, umenisikia?"

"Nimekusikia. Mwambie naanza kesho."

Na kweli akaanza kesho yake, maajabu ambayo sijayaona tena. Wateja akawapa kisogo. Mwenye kabati akaambiwa asubiri, mwenye madirisha akaambiwa asubiri, mwenye haraka akaonyeshwa barabara. Zile mbao ngumu alizokuwa ameziweka darini kwa ajili ya kitanda changu akazishusha zote. Akachimba mashimo manne, akamwaga saruji, akasimamisha nguzo alizozipaka oili chafu mpaka zikawa nyeusi tititi. Sakafu akaitandika juu ya nguzo kimo cha kifua changu. Kuta akazipiga randa mpaka ukipitisha kiganja huhisi kitu. Akaweka madirisha mawili yenye bawaba, na kibaraza chenye uzio, na paa la mabati aliloliinamisha vizuri ili maji yasidondokee mlangoni. Hata ngazi aliipiga msasa kila kipago, pande zote, mtoto asije akachomwa na kibanzi.

Ilikuwa nzuri. Nitasema ukweli, nyumba ile ilikuwa nzuri kuliko hii ninayolala. Watu walikuja kuipiga picha. Watoto wa majirani walijazana uani tangu wanatoka shule mpaka mama zao waje kuwatoa kwa fimbo, na fundi aliwaacha wapande na kushuka, eti wanamjaribia sakafu.

Nami nilipokuwa nimesimama chini na birika la chai nikamuuliza, "Mzee, ngazi hii Bosi ataipandaje?"

Alikuwa na misumari mdomoni. "Atapanda."

"Kwa mguu upi?"

Akaitoa misumari, mmoja mmoja, akaiweka mfukoni. "Mama watoto, usimtabirie mtoto mabaya. Hebu lete chai."

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya kuomba. Nikaelewa kwamba huyu mtu anajua, ila anadhani akijenga ngazi vizuri sana basi miguu itakuja yenyewe kuifuata. Nikammiminia chai. Kesho yake akaandika juu ya mlango, kwa rangi nyekundu: OFISI YA BOSI. HODI KWANZA.

Siku Bosi na mama yake waliporudi, mzee alivaa shati la kupigwa pasi. Alisimama chini ya ile nyumba tangu asubuhi, na watoto wa mtaa wote nyuma yake, hata nikamwambia akae asije akaanguka kwa njaa. Teksi ikaja. Dereva akatoa kiti kwenye buti, akakikunjua, akakigonga gonga magurudumu. Binti yetu akambeba mtoto akamkalisha. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, umeegeshwa juu ya kibao cha kiti, na ulibaki hivyo hivyo alipokuwa akisukumwa kwenye kokoto za uani kwetu, haukucheza.

Niliona macho ya mume wangu yakienda kwenye ule mguu, yakaenda kwenye ngazi, yakarudi kwenye mguu. Uso ulimshuka. Kila alichokuwa amekataa kukiona kwa miezi yote ile kilikuwa mbele yake, kinasukumwa kuelekea kwake, na watoto wanapiga makofi.

Bosi akainua kichwa. Akasoma maandishi yote. Akaangalia madirisha, kibaraza, ngazi. Kisha akasema, "Nzuri, Babu. Asante."

Bosi tuliyemjua hakuwahi kushukuru kitu kabla hajakitafutia kasoro. Angeuliza kwa nini dirisha moja limepanda kuliko jingine. Huyu alishukuru kama mgeni, kwa heshima, akaomba apelekwe ndani apumzike.

Jikoni binti yetu alikuwa anaosha kikombe kimoja kile kile. Baba yake aliposimama mlangoni hakugeuka.

"Nilikwambia, Baba. Nilikwambia kwa simu."

"Nilisikia."

"Ulisikia. Halafu ukajenga ngazi."

Mtu mwenye majibu ya kila mteja, mtu anayeweza kubishana na wewe kutwa nzima juu ya mguu wa stuli, akatoka akaenda kukaa karakana bila kuwasha taa wala mashine, na mpaka leo sijui alikuwa anafanya nini mle.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alikuwa anakula nusu sahani. Alikata meza ya mteja ikatoka fupi, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mteja aliporudi kulalamika akaambiwa, "Una haki," mpaka mteja mwenyewe akaingiwa na wasiwasi kama fundi anaumwa. Akipita karibu na mtoto anapunguza mwendo, anatafuta neno, hapati, anamletea pipi. Bosi alikuwa na pipi za kufungua duka. Na watoto wa wenzetu walikuwa juu kule wanakimbia kutwa, vishindo vya sakafu vinasikika mpaka chumbani, wakati mwenye nyumba yuko dirishani na kitabu mapajani.

Hapo ndipo alipokuja na wazo lake. "Nitambeba," akasema. "Mimi ndiye nitakayekuwa miguu yake." Binti yetu akamtazama tu. Lakini mtoto alikubali, na siku ya kwanza alipopandishwa mgongoni mwa babu yake, mguu umechomoza pembeni, magoti ya mzee yakilia kila kipago, watoto wote walishangilia, naye Bosi alicheka. Nilikisikia kicheko kile nikaacha kuchambua mchele. Ikawa ndiyo kawaida ya kila alasiri. Majirani walisema huyu ndiye babu wa mfano, hakuna kama yeye. Yeye alikuwa anayatafuna maneno hayo kwa shida, maana alijua ngazi ameijenga nani.

Kisha siku moja mimi nilikuwa sokoni, binti yetu yuko kazini kwake kwenye cherehani. Mzee alimpandisha mtoto kama kawaida. Mteja wa kitanda akaja, akamwomba waende mara moja kupima chumba, si mbali. Akawaambia watoto, "Chezeni, narudi sasa hivi." Unajua mafundi na sasa hivi zao. Chumba kilikuwa na kona mbaya, mteja akataka na kabati, wakaanza kupatana. Huku nyuma wingu likafunga. Mama mmoja akaita wanawe, wa pili akaita wake, na watoto ni watoto, waliteremka ngazi wakakimbia, kila mmoja akidhani mwenzake amebaki.

Niliporudi na kapu langu nikasikia sauti kutoka juu, si ya kulia, ya kuita tu, ile ya mtu aliyeita sana mpaka akachoka. "Babu. Babu." Nilipanda ngazi ile na uzee wangu. Nikamkuta amejiburuta mpaka mlangoni, ameshika uzio wa kibaraza, na gauni lake limelowa. Alikuwa amejikojolea. Na mvua yenyewe ilikuwa imekataa kunyesha, hata asingeweza kuisingizia.

"Nilimwita," akaniambia. "Niliita kila mtu."

Kumshusha nisingeweza, ningetuangusha wote. Nikavua kitenge changu nikamfunika, nikakaa naye chini kwenye sakafu ile nzuri, nimemkumbatia, tunangoja. Hakutaka nimwangalie usoni. Tukamsikia mzee akija njiani anapiga mluzi. Tangu ajali ilipotokea hakuwa amepiga mluzi hata mara moja. Alikuwa amepata kazi nzuri, moyo wake ulikuwa umepumua kidogo, akaingia getini akiita, "Bosi wangu, nimerudi!" Kisha akatuona, na mluzi ukafia palepale.

Alimshusha. Mtoto alificha uso shingoni mwa babu yake, si kwa mapenzi, kwa aibu. Nikamwogesha, nikambadilisha nguo, mama yake aliporudi nikamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na majirani.

Kesho yake alasiri mzee alikuja akasimama mbele ya kiti, akageuka, akachuchumaa, mgongo tayari.

"Sitaki," Bosi akasema.

"Leo siendi popote. Nitakaa hapo hapo chini."

"Sitaki, Babu. Bosi gani anangoja kushushwa?"

Mzee akageuka, bado amechuchumaa. "Nisamehe. Nyumba ile nimeikosea."

"Hukuikosea." Mtoto alisema bila hasira, kama anavyomweleza mtu kasoro ya kiti. "Ulimjengea yule mwingine. Yule aliyekwenda kukununulia msasa."

Nilikuwa mlangoni na ufagio. Nilitaka kuingia kati, niseme kitu, niwatenganishe na maneno yale. Sikuingia. Mume wangu alikaa chini kwenye kokoto, akakaa kabisa. Siku tuliyomzika mama yake hakulia. Siku ile alilia, mdomo wazi, bila kujificha, na nikaona haya kumtazama lakini nikamtazama.

"Ni mimi niliyekutuma," akasema. "Ni mimi. Ningeweza kwenda mwenyewe. Meza yenyewe haikuwa na haraka."

Bosi akafikiri. "Msasa niliununua," akasema. "Nilikuwa nao mkononi. Sijui ulikwenda wapi."

Hilo ndilo lililommaliza. Mtoto alikuwa anajitetea kwake. Muda wote ule, pamoja na plasta na kisu cha daktari na yote, alikuwa na wasiwasi kwamba babu yake anadhani hakuununua.

Asubuhi iliyofuata mzee alikwenda kwa fundi magari jirani yetu akaazima jeki. Binti yetu alikuwa amependekeza njia ya mteremko, kiti kipande chenyewe. Mzee alikuwa ameshaipima kichwani na kamba mkononi: kwa kimo kile, mteremko ambao mtoto anaweza kujisukuma mwenyewe ungetoka getini ukavuka njia ukaingia kwa jirani. Hapakuwa na namna. Nyumba ilikuwa lazima ishuke.

Alisimama mbele ya nguzo ya kwanza na msumeno, amesimama tu. Mimi nilijua anachokiona. Sakafu ile ikishuka chini, mvua ya kwanza maji yataingia, na mchwa ndio hao wanasubiri. Angekuwa amefanya kwa mkono wake kitu ambacho maisha yake yote amewafukuza wateja kwa sababu yake. Fundi magari akaweka jeki, akaweka magogo, akamwambia, "Mzee Juu, leo unashuka mwenyewe?" Watu waliokuwa getini wakacheka. Mume wangu hakucheka wala hakukasirika. Akaanza kukata.

Watoto wa mtaa walinuna. Mmoja alilia kabisa kwamba nyumba inaharibiwa. Mzee na fundi magari walikata huku kidogo, wakateremsha jeki, wakakata kule, nyumba ikawa inashuka kwa kuchechemea, inalia kila ubao, mimi nikiwa na hakika itatuangukia. Kufika alasiri ilikuwa imekaa chini, juu ya mawe bapa tu, kimo cha tofali. Ngazi nzuri ilikuwa imelala pembeni. Ikiwa pale chini ilionekana ndogo, na paa lake nililoliona zuri sasa lilinifika kichwani.

"Na mchwa?" nikamuuliza.

"Waache wale," akasema. "Wakila nitajenga nyingine."

Bosi alikuwa dirishani siku nzima, anatazama. Babu yake alipomaliza kuweka kibao kifupi cha mteremko alikwenda kusimama karibu na dirisha lile, na futi mkononi, akabisha kwenye ukuta.

"Hodi."

"Nani?"

"Fundi. Mlango ni mwembamba, kiti hakipiti. Naomba nipime upya."

Kisha nikasikia magurudumu.

Alipima uani, mbele ya watu wote. Akapima kutoka gurudumu hili hadi lile. Akapima viwiko vya Bosi anapojisukuma, asije akavikwaruza kwenye fremu. Akapima kimo cha macho yake, kwa ajili ya dirisha. Akapima kiti, kutoka mishikio ya nyuma hadi ncha ya kile kibao cha mbele, ajue atahitaji nafasi gani ya kugeuka ndani. Penseli sikioni, anakariri vipimo kwa sauti ndogo kama kawaida yake. Chuma chote alikipima. Akainuka, akafuta magoti, akaelekea kwenye msumeno.

"Babu. Hujamaliza."

"Nimebakiza nini?"

"Mguu."

Na kweli, unyayo wake ulikuwa umepita ile ncha ya kibao, vidole vimetokeza nje. Alikuwa amepima mpaka kwenye chuma akaishia hapo. Tangu mtoto arudi, hata alipombeba, hakuwa ameugusa mguu ule. Aliushikilia kupitia gauni tu.

"Na wenyewe unaingia," Bosi akasema. "Shika tu. Hauumi."

Akarudi, akapiga magoti kwenye kokoto. Ncha ya futi akaiweka kwenye nyonga, kisha akapitisha kiganja chake polepole juu ya kovu lote, paja, goti lile lisilokunjika, mpaka kisigino. Hakukwepa mahali. Akaitazama ile namba muda mrefu, penseli haikushuka sikioni.

"Soma wewe," akasema hatimaye. "Macho yangu hayaoni."

Bosi akainama, akashika futi kwa vidole viwili, akasoma kwa sauti ili hata fundi magari asikie. Kisha akaiachia ikajikunja.

"Lakini ongeza, Babu," akasema. "Bado nakua."